Ukili Mweusi Katika Msala wa Bi Salhiya

Bi Salhiya alifariki akiuacha msala, mkeka wa kusalia, nusu. Ulikutwa umekunjwa nyuma ya mlango wa chumba chake, kijijini Chwaka, sindano imechomekwa pembeni. Zilibakia kili tatu nyekundu, mikanda ya ukindu iliyosukwa, ukamilike. Alikuwa ameunuia msikiti wa jirani. Siku ya kuondoa tanga, mwanawe Mardhiya alisema mbele ya wanawake wote kwamba msala utatandikwa kwenye hitima ya arubaini. Alipokwishasema ndipo alipokumbuka kuwa kuutia ukindu rangi hajui.

Kusuka alijua tangu udogo. Lakini jikoni penye rangi mama yake hakumkaribisha. "Wewe una skuli," alikuwa akimwambia. "Wino unakutosha vidoleni." Mardhiya akasoma, akawa karani mjini miaka ishirini na saba. Kila sikukuu aliletewa mkeka, na hakuuliza hata mara moja wekundu ule unatoka wapi.

Kwanza alinunua rangi ya unga sokoni Darajani. Ukindu ukatoka mwekundu wa peremende. Aliuweka kando ya ukili wa mama yake, uliotulia kama chai iliyokolea, akaona haya kana kwamba kuna mtu anamtazama. Akenda kwa Bi Mwanakheir, shoga wa marehemu.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Umekuja na daftari?"

Alikuwa nalo mkononi.

"Mamako hakuandika kitu. Magome ya mkandaa wa mikokoni, maji ya kisima, ukindu uliokwishachemshwa ukawa mweupe. Unapika mpaka harufu igeuke."

"Igeuke iwe ya nini?"

"Ukiinusa utaijua. Usipoijua, rudi mjini ukapige chapa barua."

Akampa magome aliyokuwa nayo, yote.

Chungu cha mama yake kilipasuka siku za msiba, kwa hiyo Mardhiya alibandika magome katika karai la chuma. Maji yakageuka mekundu, harufu nayo ikageuka, na aliitambua: ndiyo iliyokuwa kwenye kanga za mama yake. Alikaa chini kidogo. Kisha akatia ukindu, akafunika, akaenda kusali alasiri.

Aliporudi, ukindu ulikuwa mweusi kama masizi. Aliuosha maji matatu, haukubadilika.

Bi Mwanakheir alipoitwa hakuutazama ukindu. Alilitazama karai.

"Mkandaa haupikwi kwenye chuma."

"Hukunambia, bibi."

"Hukuniuliza. Nani hapa anapika rangi kwenye karai?" Akaongeza kwa upole, "Mamako naye aliwahi, mwaka alioolewa. Aliuficha ukindu wake uvunguni miezi."

Magome yalikwisha, na arubaini ilikuwa Ijumaa, zimebaki siku nne tu.

"Nna kili zangu nyekundu," alisema Bi Mwanakheir. "Zishone. Hakuna atakayejua."

Mardhiya aliushika ule ukindu mweusi, bado una maji. Kwa siku thelathini na sita alitaka mkono wake usionekane katika kazi ya mama yake.

"Ahsante, bibi. Ntausuka huu."

Ijumaa msala ulitandikwa. Bakar, mwadhini, aliupapasa upande mweusi.

"Huku vipi, Bi Mardhiya?"

"Mama aliishia hapo kwenye wekundu. Huko ni mimi."

Bakar aliitikia kwa kichwa taratibu, akasimama juu yake, akasali.

Jioni Mardhiya alifungua daftari, akaandika: *Chungu, si karai.* Jumamosi asubuhi alikwenda kununua chungu.