Kofia Iliyokosa wa Kuipokea

Kofia ile ilimfikia Anyaegbu kwa sababu ya woga wa wenzake. Waingereza walipotuma askari kijijini Umuagwu kumtaka mkuu wa kijiji, watu waliamini kwamba mkuu huyo atapelekwa pwani asirudi. Na mkuu mmoja hawakuwa naye. Mambo yao waliyaamua wote wakiwa wameketi. Basi wakatazamana, macho yakamwangukia Anyaegbu, mgema, yatima asiye na kaka wa kumtetea.

"Nenda wewe," wakamwambia. "Ukifa tutakulilia vizuri."

Hakufa. Alirudi na kofia nyekundu na karatasi yenye muhuri. Amekuwa hakimu wa mahakama mpya. Kila siku ya soko la Nkwo akae kitini aamue kesi.

Watu walimcheka, kisha wakamwogopa, na huko kuogopwa ndiko kulikomuuma. Akipita na kibuyu chake, mazungumzo yanakatika. "Hakimu huyo, ficheni kuku," mtu ananong'ona. Akaona bora arudishe kofia kwa wazee. Nwafor, mkubwa wao, hakuigusa hata kwa kidole.

"Imekupenda wewe, mwanangu. Sisi vichwa vyetu vidogo."

"Lakini ni ninyi mlionituma, baba."

"Tulikutuma ufe. Kurudi umejitakia mwenyewe."

Ndipo akakamatwa Obidiegwu, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. Kosa lake ni kuwazuia watu kuchimba barabara siku ya Eke, siku ambayo ardhi hupumzishwa. Mzungu aliyesimamia mahakama alikwisha kusema: huyo ni wa jela, na hukumu itatoka kinywani mwa Anyaegbu, maana ndiye hakimu wa upande ule.

"Jifanye mgonjwa," mkewe Ugbala akamshauri.

"Nilipougua kweli askari walinibeba na kitanda changu hadi mahakamani, mama. Umesahau?"

Alimwomba Chukwu, Muumba wake, amfungulie njia hata nyembamba. Asubuhi akaenda.

Uani mwa mahakama mjomba alikuwa katikati ya askari wawili, mkononi kisahani cha mti, na juu yake kokwa moja ya kola, ile ya kutafuna anayokaribishiwa mtu. Aliyekula kola ya mtu hamtakii mabaya. Na mtoto wa binti hanyanyui mkono juu ya watu wa mama yake. Akiikataa, amejikata kwao. Akiila, atakaaje kitini?

"Sikuleta hongo, mpwa wangu," mzee akasema taratibu. "Nimeleta desturi. Ukiiacha, sitakulaumu."

Anyaegbu aliipasua, akampa mjomba kipande, chake akatafuna.

Ndani, mzungu alipomtaka atamke hukumu, hakutamka. Mkalimani akamwinamia. "Sema miezi mitatu tukapumzike. Mzee atarudi amenenepa."

"Nimekula kola yake."

"Kola haimo katika sheria."

"Mwambie bwana imo tumboni mwangu."

Mzungu aliwiva uso. Hukumu ikasomwa na hakimu mwingine, na Anyaegbu naye akafungwa kwa ukaidi, ingawa kifungo chake kilikuwa kifupi kuliko cha mjomba.

Wakachimba barabara pamoja. "Wapwa wa wenzangu huwaletea mvinyo," mjomba akatania. "Wangu ameniletea jembe." Waliopita walimwita Anyaegbu kwa jina lake, na kinamama walimwachia viazi vikuu vya kuchoma. Mwenyezi Mungu alimrudishia usingizi. Mgongo ulimuuma, lakini alijiona mtu tena.

Siku ya kutoka alimwuliza tarishi wa mahakama langoni, "Kiti changu kapewa nani?"

Tarishi akaipangusa vumbi kofia nyekundu, akamvika. "Nani angekubali? Bwana anasema umekwisha kuadhibiwa, mambo yameisha. Kesho ni Nkwo, uwahi."

Nyuma yake Anyaegbu alisikia jembe la mjomba likigonga mawe. Akatoka.

Nje alimkuta Nwafor, aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba kesho yake, ameshika kisahani chenye kola nene, anatabasamu. Nyuma yake alikuwapo yule jirani anayegombania naye mpaka, na kisahani chake cha kola.

"Karibu nyumbani, mwanangu," Nwafor akasema. "Chukua, ule."