Siku Tuliyomwonyesha Meya Mtaa Msafi

Meya mpya alipoingia ofisini, sisi wa mtaa wetu hapa Yeoville, huku kusini mwa Afrika, tulimpa muda. Mimi hasa nilimpa muda mrefu, maana nina hasira za karibu, na nilitaka siku nitakayoanza kumsema niwe na haki kamili. Wiki ya kwanza alipigwa picha amevaa kofia ngumu ya mafundi. Wiki ya pili alipigwa picha akinyooshea kidole shimo la barabarani. Shimo lenyewe halikuzibwa, lakini lilipata umaarufu.

Wakati huo bomba lililo mbele ya saluni yangu lilikuwa limepasuka. Maji yalitiririka barabarani kutwa kucha, na ndani ya saluni mfereji ulikuwa unakoroma tu. Saluni bila maji si saluni. Kusuka utasuka, lakini dawa ya kulainisha nywele ikishapakwa haina subira. Usipoisuuza kwa wakati, inamchoma mtu kichwa. Wateja wangu wakaanza kuhamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili mwenye tangi juu ya paa. Mmoja alinipita mlangoni akajifanya anasoma simu, na simu yenyewe kaishika juu chini. Niliumia. Nilijua mwezi mmoja zaidi wa namna ile, nafunga.

Ndipo tukasikia kwamba Alhamisi meya anakuja mtaani kwetu kujionea shida za wakazi. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jirani yangu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alikuja mbio na futi yake shingoni.

"Dada, muheshimiwa atakuya kukanyaga hii potopoto? Ni haya kwa sisi bote!"

"Haya kubwa," nikamjibu.

Siku ile tulijiona wenye busara. Kwetu Bujumbura, na kwao Lubumbashi, mkubwa hapokelewi kwenye tope. Basi tukafagia mtaa mzima. Fundi akaleta wanakwaya wenzake, wakajaza mashimo kwa kokoto na vipande vya matofali. Mtu mmoja anayejidai kujua mabomba akalifunga lile letu kwa mpira wa tairi na waya, likanyamaza. Mimi nikabeba ndoo nane za maji kutoka kanisani, ambako wana kisima, nikajaza pipa.

Binti yangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Alisimama mlangoni akatutazama.

"Eish, Mama!" akasema, kisha kwa lugha yake akaniuliza kwa nini nasafisha kitu ambacho meya anakuja kukiona.

Nikamwambia hana adabu, aende akafute vioo. Akafuta, huku anacheka.

Alhamisi meya akaja na watu wa kamera. Wanakwaya wakaimba, vitenge vya sare vikang'aa, na yeye akautembea mtaa mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa hata mara moja. Alipofika kwangu nilipiga goti kidogo, nikammiminia maji ya uvuguvugu mikononi kwa birika, na sabuni mpya, na taulo. Kamera zikalia. Akaniuliza hali ya maji hapa ikoje.

Nikajibu anavyojibiwa mgeni: "Nzuri, mheshimiwa. Karibu sana."

Msinicheke. Kwetu shida haisemwi kabla mgeni hajakaa akala. Nilikuwa nimepika chapati na kuku, na hotuba yangu ya bomba nilikuwa nimeipanga aya kwa aya, ianze baada ya paja la kwanza. Lakini meya hakukaa. Alichukua chapati moja kwenye karatasi, akasema asante kwa Kizulu, akaingia garini.

Jioni ile picha ilikuwa imezagaa kwenye simu zote za mtaa: mikono ya meya, birika langu, na maneno kwamba huduma ya maji imerejea Yeoville. Jumamosi mpira wa tairi ukaachia na barabara ikawa mto tena. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha kwa ndoo nane.

Jumatatu nikapiga simu ofisi ya jiji. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Akanisomea kwamba malalamiko ya mtaa wetu yameshafungwa kwenye orodha, bomba limetengenezwa, na picha ipo.

"Yale maji niliyabeba mimi," nikamwambia.

"Sasa Mama, mbona hukumwambia meya?"

"Alikuwa mgeni."

Alicheka mpaka nikasikia wenzake wakiuliza kuna nini. Kisha akasema, bila kejeli: "Mama, bili ya maji unalipa?"

"Kila mwezi."

"Basi yule si mgeni wako. Yule ni mfanyakazi wako."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Miaka kumi na saba nimeishi mji huu na karatasi za ukimbizi, nikisimama foleni, nikiomba radhi kwa kila mwenye funguo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hapa kuna mtu ananifanyia kazi. Nilisahau hata kushukuru.

Halafu hasira zangu zikarudi, nzima, na safari hii zikiwa na haki kamili.

"Kama ni mfanyakazi wangu," nikamwambia, "mbona tangu Alhamisi hajaonekana kazini?"