Mtani Aliyehamishwa

Mkuu wetu mpya wa maktaba alirudi kutoka semina ya Dodoma na begi zima la maputo. Alituita wafanyakazi wote kwenye chumba cha magazeti kabla ya kufungua milango, akapanda juu ya kiti, mtu mwenye shahada mbili, akatutangazia kwamba mfanyakazi anayecheka hafanyi makosa, na kwamba kuanzia siku hiyo tutaitwa Maktaba Changamfu. Kisha akatuagiza tucheke. Wenzangu walicheka. Mimi nilimkazia macho, naye akaniuliza kwa adabu zake zote, "Mzee wangu, hata tabasamu?"

Sikuwa na tabasamu la kumpa. Nilikuwa nimekaa kaunta ya kuazimisha vitabu tangu yeye akiwa anafundishwa kufunga kamba za viatu, na kila asubuhi alinipa shikamoo yangu bila kukosa. Shikamoo hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. Mtu anakuamkia kwa heshima, halafu anakufungia puto kwenye kiti.

Ikaundwa Kamati ya Furaha. Ikashonesha fulana za njano za kuvaliwa Ijumaa. Likawekwa sanduku la vichekesho, uandike kichekesho chako, kamati ikipitie, kikifaa kisomwe wakati wa chai. Siku moja tulichezeshwa mchezo wa kugombea viti katikati ya chumba cha kusomea, muziki unapigwa kwenye simu, huku wanafunzi waliolipa kiingilio chao wakikusanya madaftari na kutoka nje. Mama mmoja mnene wa idara ya watoto alianguka akaumia kiuno. Kamati ikampigia makofi.

Na furaha tulikuwa nayo tayari. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe. Tulikuwa na Mzaramo.

Mzaramo alikuwa fundi wetu wa kujalidi vitabu. Chumba chake kilikuwa nyuma, karibu na choo, na kilinuka gundi mpaka mlangoni. Mimi ni Msukuma wa Kisesa, na Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani. Basi mtu huyo hakuwahi kunisalimia hata siku moja kwa miaka yote tuliyokaa pamoja. Aliingia asubuhi akisema, "We mchunga ng'ombe, umeoga au leo si siku ya mnada?" Nami nikamjibu, "Nimeoga. Wewe umekula, au bado mnasubiri nazi idondoke?" Ananiita mla michembe, viazi vyetu vya kukausha, namwita mcheza ngoma aliyeuza shamba la urithi ili amtoe mwali. Akikuta chai yangu mezani anakunywa yote, ananirudishia kikombe. Wasomaji walikuwa wakisikia na kucheka chinichini nyuma ya magazeti. Hakuna kamati iliyowaagiza.

Mama yangu alipoanza kuugua, Mzaramo alianza kuja nami Kisesa Jumapili. Mama alikuwa amekataa kula. Wadogo zangu walimbembeleza, katekista alimwombea, daktari alimpa dawa za kuleta hamu, wapi. Mzaramo aliingia, akavuta kigoda, akamwambia, "Bibi, nasikia unakufa taratibu ili ng'ombe wazaane kwanza. Uchoyo wa Kisukuma huo." Mama alicheka mpaka akakohoa, akamtukana kwa Kisukuma, kisha akaomba uji ili apate nguvu ya kumtukana vizuri. Ikawa hivyo kila Jumapili. Siku ambazo hakuja, bakuli lilirudi jikoni kama lilivyokwenda.

Jumapili moja mama alimwonesha kitenge chake cha kijani kilichokunjwa kichwani pa kitanda. "Siku yangu ikifika utavaa hiki," alimwambia, "uwaoneshe watu nilivyokuwa ninatembea. Sitaki kulia kwingi. Nimelia vya kutosha nikiwa hai." Mzaramo akamjibu kwamba atavaa, ila jogoo wake awe mkubwa. Kwetu ndiyo kazi ya mtani msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anadai jogoo, na waliokuwa wameketi chini siku mbili wanacheka kwa mara ya kwanza, halafu wanaweza kusimama na kuzika. Mama alikuwa na mguu mmoja mfupi. Mzaramo alikuwa ameshaanza kumwigiza pale pale chumbani, na mama alikuwa akimsahihisha.

Kisha Kamati ya Furaha ikatoa Kanuni za Mzaha. Zilibandikwa ubaoni, zikiwa na kikatuni cha jua linalocheka. Mzaha usiguse kabila. Usiguse maumbile, dini, wazazi, ugonjwa wala kifo. Nilizisoma zote, nikaenda ofisini kwa mkuu nikamuuliza kilichobaki ni nini, hali ya hewa?

"Mzee wangu," alisema, "tunataka furaha isiyomuumiza mtu."

"Wewe kwenu hamna watani?"

"Tunao. Lakini hapa ni ofisini."

Haukupita muda, akaja mgeni kutoka makao makuu kuangalia huo uchangamfu wetu. Alisimama kaunta na mkuu, akanijulia hali ya nyumbani, nikamwambia mama yangu anaumwa. Mzaramo alikuwa akipita na rundo la vitabu kifuani. "Mwambie bibi asife masika," alisema. "Kisesa kuna tope, na kitenge cha Kisukuma kikilowa kinanuka ng'ombe." Nikamjibu kwamba yeye akifa tutamkunja kwenye jamvi tumuuze pamoja na nazi. Tukacheka wote wawili, naye akaendelea na safari yake. Mgeni hakucheka. Mkuu alikuwa ameiva uso mzima, na niliona kabisa kwamba alichoogopa hakikuwa maumivu yangu.

Kamati ya Furaha ikageuka baraza la nidhamu. Walikaa Ijumaa, wote watano wakiwa kwenye fulana za njano, na puto moja lililokuwa limeanza kunywea likiwa juu ya mlango. Walimsimamisha Mzaramo ukutani, wakaniita mimi nitoe ushahidi.

"Maneno yale yalikuumiza?" aliuliza mwenyekiti.

"Hayakuniumiza. Mama yangu anakula kwa sababu ya maneno yale."

Waliniangalia kwa huruma. Niliwaeleza tena, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Niliwaambia kuhusu uji na Jumapili, nikawaambia hata kuhusu kitenge, jambo ambalo lilikuwa la nyumbani kwetu na halikuwahusu. Mwenyekiti alinishukuru, kisha akaandika, nami nikaona kwa macho yangu, kwamba mwathirika amezoea kudhalilishwa. Nilimwambia mwathirika ni yeye, amekosa akili. Hilo nalo likaandikwa.

Mzaramo alipewa barua ya onyo na uhamisho kwenda kituo kimoja kusini, ng'ambo ya pili ya nchi. Alipokuja kuniaga alinywa chai yangu, akarudisha kikombe, akasema hatimaye anakwenda mahali ambako watu hawalali na ndama. Sikuweza kumjibu. Nilikuwa na hasira, na yeye aliliona hilo, akaniambia mtani asiyejibu anadaiwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kisesa peke yangu. Mama alitazama nyuma yangu, mlangoni.

"Yuko wapi mwizi wako wa Kizaramo?"

"Amehamishwa, mama."

"Amekosa nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba alicheka vibaya. Mama alifikiri sana juu ya hilo, kisha akageukia ukutani. Uji ulirudi jikoni. Mzaramo alikuwa akipiga simu, lakini mama alikuwa ameanza kutosikia vizuri, na tusi la kurudiwa mara tatu kwa sauti kubwa linabaki maneno tu. Nilijaribu mimi mwenyewe kumtania. Mtoto hawezi kumtania mama yake. Nilisikia jinsi nilivyokuwa ninachosha. Alifariki masika, tope likiwa hapa kwenye kifundo cha mguu.

Mzaramo aliomba ruhusa akanyimwa. Barua ya onyo ilikuwa bado haijamaliza muda wake, wakamwambia, na marehemu si ndugu yake.

Ofisi ilikuja kuzika. Walishuka kwenye basi dogo la kukodi, mkuu mbele, wote wamevaa fulana za njano kama sare, wamezigeuza nje ndani ili maandishi yasionekane. Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo mzee wangu. Pole sana." Nilimwacha na shikamoo yake mkononi.

Ulipofika wakati wa kutoa jeneza, hakuna aliyeinuka. Watu walikuwa wamekaa, wanamngoja mtani. Mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu, alipiga simu kusini akaweka sauti kubwa, akainyanyua juu ya vichwa.

"Haya, wachunga ng'ombe," sauti ya Mzaramo ilisema, "mnalia nini? Bibi mwenyewe alikuwa mchoyo, hata…" Ikakatika hapo. Tulidhani ni mtandao. Kisha tukasikia anapumua, na tukasikia mtu mzima analia. Mtani halii msibani. Hakuna mtu pale aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Kilio kikalipuka uani mara tatu ya mwanzo, na mama mdogo akaizima simu haraka, kama anayefunika chungu.

Mkuu alisogea akanong'ona, "Mzee, pengine tuendelee na ratiba."

Niliingia ndani nikachukua kitenge cha kijani. Nilikuja nacho mpaka mbele ya mkuu, mbele ya ndugu zangu na kamati yake yote, nikakiweka mikononi mwake.

"Vaa," nilimwambia.

"Mzee wangu…"

"Wewe ndiye bwana furaha. Aliyekuwa avae hiki ulimhamisha wewe. Vaa, uoneshe watu mama yangu alivyokuwa anatembea."

Alikishika kitenge kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Aliwatazama wenzake, nao wakatazama tope. Nilingoja. Naapa nilitaka avae. Angejaribu hata hatua mbili, hata za kuchekesha kwa ubaya, ningempa jogoo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutumia neno la semina.

"Sikuwahi kumwona," alisema.

"Najua."

Mama mdogo akakichukua kitenge kutoka mikononi mwake bila kumtazama, akaniambia twende, mvua inakuja. Tulimzika kwa wimbo mmoja, haraka, na watu wote walikuwa wanalia.