Swali la Kumi na Moja

Neno "mpweke" nililiweka mimi. Nalisema mapema ili asije akalaumiwa Daktari Luhaga, ambaye ana makosa yake mengine, wala Leonsia, ambaye amekwisha kujilaumu vya kutosha.

Mwaka 1975 nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya utafiti hapa Mwanza, vyumba viwili tu na mashine moja ya taipu iliyokuwa ikikwama herufi ya k. Kazi yetu ilikuwa kuijaribu fomu. Watu wakisikia hivyo hucheka, eti fomu inajaribiwaje? Basi inajaribiwa. Ilikuwa na maswali ishirini na matano ya kumwuliza mzazi habari za mtoto wa miaka minne hadi saba. Hulia bila sababu? Hupiga wenzake? Huogopa wageni? Kila swali lina majibu matatu: si kweli, ambalo ni sifuri; kweli kidogo, alama moja; kweli kabisa, alama mbili. Mtoto akifikisha kumi na tatu, basi kuna jambo linalomsumbua moyoni na inafaa aonwe na daktari. Maswali yenyewe yalitungwa Ulaya kwa watoto wa Ulaya. Sisi tulitakiwa kujua kama, yakisemwa kwa Kiswahili mbele ya mama wa Sengerema aliyetoka shamba sasa hivi, bado yanauliza kitu kile kile.

Aliyekwenda kuuliza ni Leonsia Kahigwa, Mhaya wa Bukoba, muuguzi msaidizi wa miaka ishirini na saba. Kila Jumatatu alipanda kivuko kwenda Kamanga, akazunguka vijiji vipya vya ujamaa huko, na Ijumaa akarudi na bahasha ya fomu zilizojazwa. Baada ya majuma mawili aliwarudia akina mama wale wale kwa maswali yale yale, maana swali zuri hupata jibu lile lile mara mbili. Na kulikuwa na sharti moja kubwa: soma kama ilivyoandikwa. Usifafanue, usitafsiri, usimsaidie mama kujibu. Leonsia alilishika sharti hilo kama amri ya kanisa.

Alikuwa amepanga chumba Kirumba, na Jumapili nilimtembelea kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtembelea. Mara ya kwanza nilimkuta anamenya ndizi mbili. Mbili! Nikamwambia, "Leonsia, hata mgonjwa hali hivyo."

Akasema, "Nikipika nyingi, nani atanisaidia kuzila?"

Nilicheka, maana mdomo wangu ndivyo ulivyo. Baadaye nikiwa njiani niliona vibaya. Kwetu sisi, nyumba ya marehemu baba, mzee Makame fundi cherehani, chungu hakikuwahi kubaki na kitu hata siku moja.

Siku ile ndipo aliponieleza kuhusu Felicitas. Alimzaa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa kusini akasahau kuandika barua. Kazi ya utafiti ilipotokea, mtoto alikuwa na miaka miwili, na mtu wa kulala vijijini siku nne kwa juma hawezi kulea. Akamwacha kwa mama yake, Ma Paskazia. Sasa alikuwa na miaka minne na nusu.

"Zakia," akaniambia, "kila fomu ninayojaza namfikiria yeye. Nikienda likizo Desemba nitamwuliza mama maswali yote. Ikifika kumi na tatu, naacha kazi, namchukua mtoto wangu, tutakula tutakachopata."

Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nilijua amesema kweli.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Swali la kumi na moja Daktari Luhaga, mkuu wa utafiti wetu, aliliandika hivi: "Mtoto wako hujitenga na wenzake, hupenda kukaa peke yake kwa huzuni." Refu kama mahubiri. Nilipokuwa nakata stensili ya kupigia nakala likagoma kuingia kwenye mstari mmoja, na visanduku vya majibu vikawa vinapishana. Na mimi najiona najua Kiswahili, marehemu mama alikuwa mtu wa Pangani. Nikaandika "Mtoto wako ni mpweke." Likakaa vizuri kabisa. Daktari alilisoma akasema, "Vema, fupi." Nilivimba kichwa siku nzima.

Tukapiga nakala mia mbili. Leonsia akaenda nazo Kamanga, na mama wa kwanza akamjibu, "Hapana, si mpweke, wako saba." Wa pili akasema wako wanne, na mwingine yuko njiani. Wa tatu, kule kijiji cha mbali, akasema, "Ndiyo, ni mpweke. Wenzake Mungu aliwachukua." Leonsia akaandika alama mbili, kama sharti lilivyotaka.

Wote walisikia "mtoto wa pekee"! Kiswahili chao ni cha kujifunza juu ya Kisukuma, na neno langu la Pangani halikuwahi kufika huko. Kati ya watoto mia moja na arobaini, mpweke hakupatikana isipokuwa yule asiye na ndugu. Nilikufa kwa aibu. Daktari Luhaga hakutaka kuanza upya, karatasi zilikuwa adimu mwaka ule. Akatoa agizo: kila aliyejibu "kweli kabisa" kwenye swali la kumi na moja, ana maana ya mtoto wa pekee. Futeni, wekeni sifuri. Nami nilishukuru, maana sifuri ile ilinifichia kosa langu.

Desemba ikafika, Leonsia akapanda meli ya Bukoba na fomu moja kwenye mkoba. Alivyonisimulia, alimketisha mama yake jikoni, akaanza kusoma kwa Kiswahili. Ma Paskazia akamkodolea macho.

"Tangu lini unaniongelesha Kiswahili, Leonsia?"

"Ndiyo sharti, mama. Wewe jibu tu."

Mama akajibu. Analia bila sababu? Kweli kabisa. Anakojoa kitandani? Kweli kidogo. Wakafika la kumi na moja. "Mtoto wako ni mpweke." Ma Paskazia akatazama nje, Felicitas alikuwa chini ya mibuni ameshika jani, na watoto wa jirani wakicheza upande wa pili. Akasema, "Kweli kabisa."

Jumla ilikuwa kumi na tatu. Leonsia akafuta mbili, zikabaki kumi na moja.

Aliporudi ofisini alikuwa mtu mwingine. Aliniletea kahawa ya kutafuna, akanikumbatia, akasema, "Kumi na moja, Zakia! Hajambo mwanangu." Nikaomba kuiona fomu, maana kuhakiki jumla ilikuwa kazi yangu. Nikaona palipofutwa.

"Na hii je?"

"Si lile neno lako? Felicitas hana ndugu, mama amejibu kama wale wa Kamanga."

Tukacheka mpaka Daktari akagonga ukuta. Mimi pia nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu hakuna mwingine wa kuliandika.

Mwaka mzima uliofuata alifanya kazi kwa amani. Likizo yake ya 1976 aliiahirisha kwa hiari yake ili amalize vijiji vya Buhongwa. Mtoto si hajambo? Kisha Januari utafiti ukafungwa, tukapewa mkono wa kwaheri, na Leonsia akaenda Bukoba akiwa na sanduku la pili tupu kwa ajili ya nguo za Felicitas. Alikuwa amepata nafasi hospitalini hapa Mwanza, kazi ya kurudi nyumbani kila jioni. Kirumba alikuwa amenunua kitanda kidogo. Niliwasaidia vijana wa duka kukiingiza mlangoni.

Alirudi baada ya siku kumi. Nilikwenda bandarini kumpokea, nikamwona anateremka ngazi peke yake, sanduku moja mkono huu, lile jepesi mkono ule.

Tulikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Akakaa kwenye kile kitanda kidogo, magoti juu juu, akaanza.

Alimkuta Felicitas amenenepa, anaruka kamba na watoto wa jirani, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Akafurahi. Akamwambia mama yake, kwa Kihaya sasa, "Kumbe hajambo kweli, kama ulivyonijibu kwenye fomu."

Ma Paskazia akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka. "Nilikujibu nini? Nilikuambia mtoto ni mpweke. Mimi niliwapikia masista Tabora miaka tisa, unadhani sijui mpweke ni nani? Kila siku ya meli alikuwa anakwenda kusimama njiani. Hali, hachezi. Nikakuambia, ukaandika, ukaondoka. Nikasema basi, ameyapima na shule yake, ameona si kitu."

"Na sasa?"

"Sasa amepoa. Kama miezi minane hivi. Haulizi tena."

Leonsia alikaa kule siku zote hizo akimtazama mtoto. Aliyapitia maswali yote kichwani, akapata alama tatu. Mtoto mzima kabisa. Akajua pia, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote hiyo, kwamba akimtoa pale kwa bibi na kamba na wenzake, akamleta kwenye chumba cha Kirumba, alama zake zitaanza kupanda upya.

"Anamwita mama yangu Mama," akaniambia. "Mimi ananiita dada Leonsia. Ananiheshimu sana, ananiletea maji ya kunawa. Jana kabla ya meli alikuja akakaa karibu yangu, nikafikiri labda. Akaniuliza, 'Dada Leonsia, wewe una mtoto?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ninaye, mmoja, wa kike. Kisha akaniuliza, 'Sasa umemwacha na nani?'"