Mtengenezaji Hajulikani

Harufu ya kahawa ya kutafuna ikinifikia, mwanangu, siku ile inanirudia yote. Nilikuwa msichana, hapa hapa Isingiro. Mzungu mmoja aliingia kwetu na mkalimani wake, kijana wa Bukoba, wakitafuta vitu vya asili vya kupeleka kwao. Baba aliwakaribisha kwa akamwani, ndiyo hiyo kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyokaribishwa, buni zikiwa ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Mgeni aliacha buni akashika kikapu. Akakigeuzageuza, akauliza kimetengenezwa na nani.

"Ni kazi ya wanawake wa huku," baba alijibu, akampa kiwe zawadi. Kwake hilo lilikuwa jibu kamili, maana kikapu cha kahawa ni cha mji, yaani cha nyumba nzima, na msemaji wa mji ni mwenye mji. Mama alikuwa pale pale mkekani, anashona kingine.

Walipoondoka nilimuuliza mama mbona hakusema kuwa ni kazi yake. Hakuinua macho.

"Yule kijana hata shikamoo hakunipa," alisema. "Jina langu angeliulizaje?"

Leo umekuja likizo kutoka chuoni, unasoma historia ya sanaa, ukanionyesha kwenye simu kikapu kilichoko makumbusho ya ng'ambo. Nimekitambua kwa mshono uliopinda kwenye mfuniko. Mama aliukosea siku mdogo wangu alipokuwa akilia, na hakuufumua. Chini yake wameandika: Wanyambo, mtengenezaji hajulikani. Imeniuma, na sifichi. Hajulikani na nani? Mimi nimenyonya kwake. Wachoraji wa Italia mnawajua mpaka majina ya baba zao, lakini bibi yako, aliyezikwa na vidole vilivyokakamaa kwa sindano, ameandikwa kabila tu.

Na baba yangu, pamoja na kumpenda, hilo la kutomtaja mama sijamsamehe.

Kwa hiyo nakuambia, usitazame uzuri wa kitu ukaishia hapo. Uliza nani alikitengeneza, nani alikitumia, nani alikitoa, na nani alikuwepo akanyamaziwa. Uliza hivyo kwa kitu cha Italia na kwa kitu cha huku kwetu Kiruruma, bila kupendelea. Na ukiingia kwa watu kwa ajili ya masomo yako, anza kwa kumsalimia anayeshona.

Nenda, Mungu akutangulie, akupe macho na subira. Siku ukifika mbele ya kile kikapu, usijali watakaokushangaa. Sema kwa sauti: shikamoo, bibi Kokugonza. Amekaa sana pale bila kuamkiwa.