Mtandio wa Hariri na Pete za Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kinyonga, na wala si kwa kubadilika rangi. Ni kwa kuchagua. Mpe nyanya mbili achukue moja, utamkuta bado anazigeuzageuza, jicho moja huku, jingine kule, na mchuzi umeshaiva bila nyanya. Mkewe akitaka kumchokoza mbele ya wageni husema, "Mimi huyu alinizunguka mpaka viatu vikaisha soli, ndipo akasema ananipenda. Tena alisema kwa wasiwasi!"

Lakini kazi yake ilitaka mtu wa namna hiyo hasa. Alikuwa fundi wa fimbo za kuvulia, zile za watu wanaovua ziwani kwa kukokota: boti inakwenda polepole, mshipi mrefu unaburuta chambo nyuma, na fimbo inashinda imepinda mchana kutwa. Mwenye fimbo hiyo atakusifia mti wake, atakusifia na mpini wake. Mwongo huyo. Roho ya fimbo ni pete, vile vipete vinavyofungwa kwa uzi na vanishi juu ya mti, mshipi ukapita ndani yake toka kwenye gurudumu la kukunjia mshipi hadi nchani. Weka chache, fimbo ikipinda mshipi unalala juu ya mti na kuanza kujisaga. Weka nyingi mno, ncha inakuwa nzito, inasinzia, samaki anaonja chambo chako na kwenda kusimulia wenzake.

Kinyonga alikuwa akibana mpini wa fimbo mezani, ananing'iniza pasi ya mkewe kwenye ncha, halafu anapiga magoti kuchungulia mshipi unapita wapi. Pete hii isogee kidogo. Hapana, irudi. Ile ya miguu miwili ya kufungia mtini ikae karibu na gurudumu, kwenye mzigo. Za mguu mmoja ziende mbele, ni nyepesi. Au hata mbele iwe ya miguu miwili? Basi hapo tena, siku imekwisha.

Meza yenyewe ilikuwa sebuleni, ya mbao ngumu, ndefu kiasi kwamba fimbo nzima ililala juu yake bila kuning'inia. Hakukuwa na nyingine ya hivyo mtaani. Na ilikuwa ya mama mkwe.

Sasa, mama mkwe huyo usimfikirie bibi wa kukaa mkekani. Alikuwa na boti yake, akiiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye fimbo, na mtandio ameukaza kichwani. Msimu uliopita Kinyonga alimtengenezea fimbo, na kwa kutaka kumfurahisha mkwewe, akachagua pete za rangi ya dhahabu. Zilimeremeta kweli. Mama mkwe akanasa samaki wa kusimuliwa, akapigana naye mpaka akamwona mgongo kando ya boti, na pale pale mshipi, pwaa! Kumbe pete moja ilikuwa na ufa kwenye ule ukingo wa kauri wa ndani, ufa mwembamba kuliko unywele, ukaukata mshipi kama wembe. Samaki akaondoka na chambo, na heshima ya mkwe akaondoka nayo.

"Mkwe wangu," alisema mama aliporudi, kwa upole ule wa kutisha, "nitengenezee nyingine. Nitakuja kuikagua mwenyewe. Nikikuta pete moja tu ina kasoro, meza yangu naondoka nayo."

Jamani, Kinyonga hakulala vizuri. Bila meza hana kazi, na bila kazi atakuwa mtu wa kutumwa chumvi dukani. Akakaza macho kwenye pete mpaka yakamtoka machozi. Akapitisha kidole, wapi! Siku moja, mke akiwa uani, akavuta kitambaa kilichokuwa kwenye kiti ili afute pete, akakipitisha ndani. Kikanasa. Akaangalia: uzi mmoja umevutika, mrefu. Macho hayakuona kitu, kidole hakikuhisi kitu, lakini hariri ilisema.

Ndiyo, hariri. Kilikuwa mtandio wa mkewe, aliopewa na mama yake, wa kuvaliwa siku kubwa tu.

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Kinyonga akaona huu ndio ufundi wenyewe. Kila pete mpya ilipitishwa mtandioni. Iliyonasa uzi ikatupwa, iliyoteleza ikachaguliwa. Kisha mtandio unakunjwa vizuri na kurudishwa kabatini, na bwana anapiga mluzi.

Mke alipouona alikaribia kulia. "Nani kaufanya hivi mtandio wangu?"

Kinyonga akatazama dari, akatazama sakafu, akaishia kwa paka. "Huyu paka siku hizi," akasema, "makucha yamemzidi."

Maskini paka! Akafukuzwa sebuleni, akanyimwa hata kichwa cha samaki, akawa anakaa dirishani akimtazama Kinyonga bila kupepesa. Kinyonga akaona haya, kweli aliona, lakini aliona meza zaidi.

Mama mkwe alifika asubuhi, hata chai hakutaka. Akaishika fimbo, akaipindisha, akanusa vanishi. "Mwanangu," akamwita binti yake, "niletee ule mtandio niliokupa. Pete haikaguliwi kwa macho."

Za mwizi arobaini, wahenga hawakukosea.

"Usishangae, mama," mke akasema akiuleta, "paka kauharibu."

Mama akaukunjua. Akaona nyuzi zilizovutika, akaona katikati umekunjamana kwa mviringo, akaunusa. Akamtazama mkwewe, swali akampa binti yake. "Mwanangu, paka wako anapaka vanishi?"

Mama akaanza kuupitisha mtandio peteni, moja baada ya nyingine, taratibu, na Kinyonga akiomba kimoyomoyo usinase. Ukateleza ya kwanza. Ukateleza ya katikati. Ukateleza mpaka ile ndogo kabisa ya nchani, laini kama umepita kwenye siagi.

Mama akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Mwizi, lakini fundi! Kila uzi uliotoka hapa ni samaki wangu asiyepotea. Meza ibaki."

Kinyonga akashusha pumzi. Alimsahau mtu mmoja tu.

"Ibaki, mama," mke akasema, sauti tamu kama asali. "Tena ni ndefu, inamtosha. Atalala hapo hapo mpaka mtandio mwingine upatikane. Mto nitamletea mwenyewe." Akafungua dirisha, akamwinua paka, akambusu utosini. "Na wewe, baba, samahani sana. Njoo ulale kitandani, upande wake."

Mama akabeba fimbo yake akaondoka huku bado anacheka. Mkwewe alibaki kasimama na mto mkononi, akitazama ncha ya meza ya dirishani, kisha ile ya mlangoni, halafu tena ya dirishani. Boti ya mama iliunguruma ziwani, ikaondoka, na yeye bado anachagua kichwa akielekeze wapi.