Benchi Lililozuiwa Getini

Jamani, mmeshawahi kuzuiwa getini kwenye harusi ya mwana wenu wa kumzaa?

Mimi yamenikuta. Suti nimevaa, viatu vinang'aa, na walinzi wawili wamenikingia mikono kama mwizi wa kuku.

Kosa langu? Benchi.

Mimi ni fundi seremala, darasa la nne nililiacha katikati. Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Akaumwa, wakubwa wa hospitali wakasema mashine ya kupimia imeharibika, turudi Jumatatu.

Jumatatu nilikuwa karakana, napiga randa jeneza lake.

Sijawasamehe. Msinishauri.

Binti yetu akapata mchumba wa Kihindi, kijana ana adabu zake. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, bosi wa ofisi na tai yake, akajipa uenyekiti wa kamati. Akatangaza: zawadi zinachaguliwa kwenye orodha ya maharusi iliyoko dukani. Unachagua, wanafunga, wanapeleka. Kisicho kwenye orodha hakiingii ukumbini.

"Wakwe ndio wanataka hivyo, shemeji. Wenzetu wana utaratibu."

Nikaenda kuiona. Mashine ya kukamua juisi. Mashuka. Taa ya kusomea. Cha mama yake, hakuna.

Nikaifumua meza ya cherehani ya marehemu, nikatengeneza benchi. Pale mkono wake ulipokuwa unapita, mbao imelainika kama shavu la mtoto. Pale sikupitisha randa.

Ndilo hilo nililobeba.

Mwenyekiti akaja getini anahema. "Shemeji, usitutie aibu! Mke wangu ndiye atakayesimama mahali pa mama kumpokea bwana harusi. Ondoa hilo dude!"

"Dude ni wewe."

Nikaliweka katikati ya geti, nikakaa. Aniondoe basi!

Mara ngoma hizo! Wahindi bwana harusi wao haji kimya kimya, ndugu wanacheza njia nzima. Wakanikuta nimeziba.

Bibi yake bwana harusi, kikongwe mfupi mwenye sauti ya kamanda, akainua mkono. Ngoma kimya.

"Kwetu mama wa bibi harusi ndiye anayempokea bwana harusi mlangoni. Yuko wapi?"

Mke wa mwenyekiti akajitokeza na sinia lake, tabasamu mpaka masikioni. Nikasimama, nikaligusa benchi.

"Mama yake huyu hapa, Bibi. Hii ni mbao ya meza aliyoshonea mpaka anaumwa. Wanasema haimo kwenye orodha."

Bibi akapitisha kiganja pale palipolainika. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Inama. Msalimie mama mkwe wako."

Kijana akainama, akaligusa kwa mikono miwili. Dirishani juu nikamsikia binti yangu analia.

"Ametupokea," Bibi akasema. "Mbebeni."

Vijana wakalinyanyua benchi juu juu, ngoma zikapasuka upya, likaingia ukumbini mbele ya bwana harusi. Walinzi wenyewe wakapisha njia.

Bibi akanishika mkono. "Lakini baba, hiyo orodha mliing'ang'ania ya nini?"

"Sisi? Si ninyi mlioitaka?"

"Nani kasema? Sisi tuliambiwa ninyi ndio hamtaki kingine!"

Tukageuka wote. Mwenyekiti alikuwa ameinama kule nje, anakagua tairi la gari lake.

Ndugu zangu, wakubwa ndio zao. Amri wanaitunga wao, halafu wanasema imetoka kwa wengine. Ukiambiwa "wao ndio wanataka," usibanduke. Kaa hapo hapo getini mpaka hao "wao" wafike, uwaulize uso kwa uso.

Siku ile hospitali niliondoka.

Siondoki tena.